Gemu likibaki na watu ishirini

Nilijua gemu letu la mtandaoni, la kupigana risasi watano kwa watano, linakufa siku nilipokutana na mtu yuleyule mechi nne mfululizo. Ya kwanza alikuwa upande wangu, ya pili akawa adui, ya tatu adui tena, ya nne tukarudi pamoja, na ilipofika hiyo ya nne akaandika kwenye chati "wewe tena" na mi nikamjibu "mimi tena, wengine wako wapi?" Hakujibu, mechi ikaanza tukacheza.

Dalili zilikuwepo kitambo ila nilikuwa sitaki kuziona. Mwaka wa kwanza kusubiri mechi ilikuwa sekunde kumi na tano, hata kunywa maji hujamaliza umeshaitwa, baadae ikawa dakika moja, ikawa tatu, na mwishoni mwishoni ukiingia usiku wa manane unaangalia kile kiduara kinavyozunguka dakika saba nane mpaka usingizi unakuchukua. Alafu wakaleta maboti, wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta. Hawakutangaza kwamba wameleta, wakayapa majina ya watu na picha za watu, lakini boti unalijua tu, ukipita nyuma yake haligeuki, na ukiliua haliandiki kitu. Mtu lazima aandike kitu aisee, hata tusi.

Kuna swali ambalo washkaji wananiuliza sana kwasababu wanajua nimecheza haya magemu miaka mingi, kwamba nikianza gemu fulani leo, nikaweka muda wangu na hela yangu, litakuwepo mpaka lini? Zamani nilikuwa najibu kwa kuangalia lina watu wangapi. Sa hivi naangalia kitu kingine kabisa, naangalia gemu hilo linahitaji watu wangapi ndo liweze kuchezeka, na seva, ile kompyuta inayowaunganisha wachezaji, iko mikononi mwa nani. Hayo mawili yakinijibu vizuri najua gemu linaweza kuzeeka, yakinijibu vibaya hata liwe na mamilioni leo mi nahesabu miaka tu.

Hebu tupige hesabu maana hapa ndo penye kiini na watu wengi wanaparuka. Chukua gemu la watano kwa watano, mechi moja nusu saa. Ili mtu asisubiri zaidi ya dakika moja inabidi kila dakika waingie watu kumi kwenye foleni, na kila mmoja akishaingia anakaa ndani dakika 30, kwahiyo muda wowote ule kuna watu kama 300 wanacheza. 300 sio wengi, sawa. Ila hao ni wa foleni moja. Gemu lina ranki sita, ngazi za uwezo, na hutaki anayeanza apangwe na bingwa, zidisha kwa sita inakuwa 1,800. Lina modi tatu, aina tatu za kucheza, zidisha, 5,400. Lina seva kwenye kanda tano ili pingi, ule muda wa kuchelewa kati yako na seva, isiwe mbaya, zidisha tena, 27,000. Yaani ili kila mtu kwenye kila kona ahisi gemu lipo hai, lazima watu 27,000 wawe ndani kwa wakati mmoja, mchana na usiku, na hapo bado hujahesabu walio kazini na waliolala.

Sasa chukua gemu hilohilo likishuka mpaka watu 9,000. Elfu tisa ni umati wa watu! Lakini ukiwagawa kwenye ranki na modi na kanda, foleni za kati zinabaki na watu kiasi na zile za pembeni zinakuwa jangwa. Mfumo wa kupanga mechi ukiona hivo unaanza kulegeza masharti, unachanganya ranki, mgeni aliyeingia jana anakutana na mtu mwenye miaka minne ndani ya gemu, anapigwa mechi tatu hata hajaelewa anapigwa kutokea wapi, anafuta gemu. Akifuta yeye foleni inarefuka kidogo, anachoka mwingine, foleni inarefuka tena. Gemu letu lilikufa hivohivo. Watu walikuwepo kabisa, waligawanywa tu mpaka wakashindwa kuonana.

Linganisha na Quake, gemu la kupigana risasi la mwaka 1996. Kuna watu mpaka leo wanaicheza kwenye seva zao, na seva ya Quake ikipata watu wanane inatosha na raha ipo. Wanane! Wanafahamiana, wanajua leo jioni fulani atakuwepo, na hakuna mfumo unaowagawanya kwasababu seva iko kwenye orodha, unaibonyeza unaingia, ukikuta watu wawili unasubiri nao mnapiga stori. Counter-Strike ya zamani nayo hivohivo, ilianza 1999 kama kitu cha mashabiki juu ya gemu la watu wengine, na lile toleo la 1.6 bado lina seva zinazojaa usiku japo limeshapitwa na matoleo mangapi. Ile programu ya kuendesha seva alipewa kila mtu, kwahiyo kampuni ikihamia kwenye toleo jipya, la zamani linabaki kwa wanaolipenda.

Nikisema gemu linaweza kuzeeka simaanishi miaka kumi. Moja ya magemu ya kwanza kabisa ya watu wengi kucheza pamoja kwenye ulimwengu mmoja, MUD, lilianza kuandikwa mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza na Roy Trubshaw, alafu Richard Bartle akaliendeleza, maandishi matupu, unaandika "nenda kaskazini" unaambiwa umefika wapi, na lilibaki na toleo linalochezeka miongo mingi baada ya hapo. Tibia ya Wajerumani ni ya mwanzoni mwa 1997. EverQuest ni ya Machi 1999 na imeendelea kutoa nyongeza mpya karibu kila mwaka. EVE Online ya kule Iceland imefungua Mei 2003 na bado ipo, na hawa jamaa walifanya jambo moja la akili sana, walikataa kugawa wachezaji kwenye seva kumikumi, karibu dunia nzima inaingia kwenye ulimwengu mmoja ukiacha seva ya China, kwahiyo hata watu wakipungua bado wako sehemu moja, ukifungua mlango unawaona.

Lakini linalonigusa mimi ni Ultima Online, la Septemba 1997. Mle ndani mtu anajenga nyumba. Nyumba inasimama kwenye ardhi ya gemu, pale ambapo wengine wanapita, na ardhi haitoshi, ukijenga wewe mwingine hawezi kujenga hapohapo. Unaweka vitu vyako ndani, unapanga mezani, unaweka kibao mlangoni chenye jina. Na ukiacha kulipia akaunti yako nyumba inaanza kuchakaa, kwa hatua, kila apitaye anaweza kusoma kwenye kibao hali yake imefikia wapi, na ikifika hatua ya mwisho watu wanakuja kuizunguka, wanasubiri ianguke wagombanie vilivyomo na kile kiwanja. Nikifikiria hilo naelewa kwanini kuna watu wanalipia akaunti hata miezi ambayo hawachezi. Hawalipii gemu, wanalipia nyumba isianguke. Mtu wa namna hiyo hayupo kwenye chati zozote za umaarufu, wala hatajwi na mtu, lakini ndo anayelipa taa ziendelee kuwaka. Na tangu 2014 gemu hilo linaendeshwa na studio ndogo inaitwa Broadsword, watu wachache, gharama chache, na hiyo nayo ni sababu kubwa. Gemu la zamani likibebwa na watu wachache wanaolipenda, wateja wachache wanatosha. Likibebwa na kampuni kubwa, wateja walewale wanaitwa hasara.

Maana tusidanganyane, kuendesha gemu ni zaidi ya kukodi kompyuta iwake. Kuna mtu anafukuzana na wanaochiti, kila wiki wanakuja na mbinu mpya. Kuna mtu anajibu malalamiko ya walioibiwa akaunti. Kuna mifumo ya malipo, kuna matundu ya usalama, kuna simu na konsoli, zile mashine za gemu, zinazobadilishwa programu zake kila mwaka na gemu lisipofuata haliwaki. Final Fantasy XI lilianza 2002 kwenye PlayStation 2, na Machi 2016 wakalifunga upande wa PlayStation 2 na Xbox 360, wakabaki na kompyuta peke yake, na gemu likaendelea. Mi naona walifanya vizuri, walikata tawi mti ukabaki. Na hata zile habari za kuunganisha seva ambazo wachezaji huwa wanazilia kama msiba, jamani ile ni dawa, seva tatu zenye watu wachache wachache zikiwa moja lobi, pale pa kusubiria mechi, inajaa tena. Msiba ni ule wa kuziacha tatu zife kila moja kivyake kwasababu kampuni inaogopa kichwa cha habari.

Tena kuna hili la watu kutangaza gemu limekufa. World of Warcraft mwaka 2010 ilifika wateja milioni 12, ikaanza kushuka, na tangu siku ile kuna mtu kila siku anaandika kwamba limekufa. Gemu la 2004 hilo! Limeshuka kutoka mlimani, ndio, ila bado liko juu kuliko magemu mengi yatakavyowahi kufika. Ubaya wa hayo maneno ni kwamba yanaua kweli. Mgeni anataka kuanza, anaona wametawala wanaosema limekufa, haanzi, na kwa kutoanza kwake foleni inakosa mtu. Among Us ilitoka 2018 na kwa muda mrefu ilikuwa na watu wa kuhesabu, alafu 2020 ghafla dunia nzima ikawa inalicheza, hadi wale watengenezaji wadogo waliokuwa wameshatangaza toleo la pili wakalifuta wakarudi kulihudumia la kwanza. Ingekuwa waliizima 2019, na kwa hesabu za kawaida wangekuwa na haki ya kuizima, hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Sasa vifo. Kuna cha ghafla, gemu la risasi la Concord lilitoka tarehe 23 Agosti 2024, tarehe 6 Septemba likazimwa na watu wakarudishiwa hela zao, wiki mbili. Hicho hakinisumbui sana, hakuna aliyekuwa amehamia mle ndani. Na kuna kifo cha kupisha mdogo wake, Overwatch ya 2016 ilizimwa Oktoba 2022 ili watu wote wahamie Overwatch 2, ukitaka usitake, na wapo waliopenda ile ya sita kwa sita mpaka leo wanaiongelea.

Kinachoniuma ni cha City of Heroes. Gemu la mashujaa, la 2004, lilikuwa na watu wake, wanalipa, wanashonana mavazi ya mashujaa wao usiku kucha, na Novemba 30, 2012 kampuni yenye gemu, NCsoft, wakalizima. Watu waliandamana humohumo ndani ya gemu, mamia ya mashujaa wamesimama na mienge mbele ya ukumbi wa jiji, na halikusaidia kitu. Miaka sita na kitu ikapita, alafu Aprili 2019 ikajulikana kwamba kulikuwa na seva ya siri muda wote huo, watu wachache wamealikwa wanacheza kimyakimya, na wengine waliobaki nje walikuwa wanaomboleza kitu ambacho kipo. Ilileta ugomvi mkubwa, na mi nawaelewa waliokasirika, lakini nawaelewa pia waliokuwa wanaficha, maana walijua ikijulikana barua ya wanasheria inakuja. Mwisho wake ukawa mzuri kuliko nilivyotegemea, ile programu ya seva ikatoka hadharani, seva za mashabiki zikafunguka, na Januari 2024 seva ya Homecoming ikapewa leseni na NCsoft wenyewe. Miaka minane likiwa mikononi mwa kampuni, na sasa lina leseni mikononi mwa mashabiki.

Sio wote wanaobahatika hivo. Nostalrius, seva ya mashabiki waliotaka World of Warcraft ya zamani, walifunga Aprili 2016 baada ya kutishiwa kisheria. Ila zile kelele hazikupotea bure, maana 2019 kampuni yenyewe ikafungua seva rasmi za zamani. Na RuneScape walishaonyesha njia mapema, mwaka 2013 walichukua bakapu ya Agosti 2007, kopi ya gemu lilivyokuwa siku ile, wakawauliza wachezaji kwa kura mnaitaka, wakaitaka, na ikawa gemu lake lenyewe linaloendelea mpaka leo huku mabadiliko makubwa yakipigiwa kura na wanaolicheza. Fikiria, yote hayo yametokana na mtu fulani ambaye hakufuta faili. Kila nikisoma habari ya gemu linafungwa swali langu la kwanza ni hilo, kuna mtu ametunza kopi?

Alafu kuna The Crew, gemu la magari la 2014. Wenye gemu walilizima mwisho wa Machi 2024, na hili hata ukitaka kuendesha peke yako bila kukutana na mtu huwezi, kwasababu lilitengenezwa lazima liongee na seva. Watu walilinunua kwa hela, hawakukodi, na siku moja likawa faili lisilofunguka. Hapo ndo Ross Scott, jamaa wa video za magemu YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja mwaka 2025. Wanachotaka sio seva ziwake milele, hilo hakuna anayeweza, wanataka kampuni ikiondoka iache gemu katika hali ambayo aliyelinunua anaweza kulicheza bila wao. Mi niko nao asilimia mia. Na usiniambie haiwezekani maana Knockout City walipofunga Juni 2023 walitoa toleo la bure la kuendesha seva yako mwenyewe, studio ndogo tu. Najua kuna leseni za muziki na magari na teknolojia za watu wengine mle ndani ambazo zina muda wake, ugumu upo, lakini ugumu huo unajulikana siku ya kwanza gemu linapochorwa. Ukijua utaondoka unajenga nyumba yenye ufunguo wa kuacha.

Wachezaji wa Halo 2, gemu la risasi la Xbox, walifanya kitu ambacho nikikikumbuka bado nasisimka. Tarehe 15 Aprili 2010 Xbox Live, huduma ya kucheza mtandaoni, ya magemu ya zile Xbox za kwanza ilizimwa, ila waliokuwa wameshaingia tayari hawakukatwa. Mradi hujazima Xbox yako upo. Basi kikundi kidogo kikagoma kutoka, siku zikapita, wiki zikapita, mashine za zamani zinawaka usiku na mchana, ikiganda moja mtu wake ndo ameenda, umeme ukiyumba ameenda, wakapungua mmoja mmoja mpaka Mei akabaki mtu mmoja peke yake kwenye seva ya Halo 2, na yeye naye akakatwa. Hakukuwa na zawadi yoyote. Walikuwa hawataki tu wawe wao wa kuuzima.

Sisi kwetu hatukupata hata nafasi hiyo. Tangazo lilitoka siku tisini kabla, aya tatu za shukrani na tarehe. Kampuni siitaji, wala walioandika lile tangazo sidhani kama ndo walioamua. Usiku wa mwisho klani yetu, kikundi chetu cha kucheza pamoja, tulikuja kumi na mmoja, kati ya arobaini na kitu tuliokuwepo enzi zile. Alikuwepo jamaa tuliyekuwa tunamwita Mzee kwasababu yeye ndo aliyeanzisha klani, alikuwepo dada mmoja mdunguaji ambaye kwa miaka minne yote sidhani kama aliwahi kuandika sentensi yenye maneno zaidi ya manne. Hatukucheza. Tulipanda kwenye lile paa la mapu ya bandari, lile ambalo wageni wote lazima waanguke mara ya kwanza kwasababu kuna ukingo hauonekani, tukasimama pale kwa mstari, tunarukaruka, tunapiga picha za skrini. Zikabaki dakika tano. Nikaandika "Mzee utatoka kabla au unasubiri?" akaandika "nitoke niende wapi mdogo wangu, nasubiri hapahapa." Yule dada akaandika "mi pia nasubiri," alafu baada ya muda akaongeza, "asanteni kwa kunivumilia nilipokuwa najifunza, nilikuwa naogopa sana kuongea kwenye maiki." Hatukujua. Miaka minne tulidhani ana maringo.

Halafu picha ikaganda. Mtu wangu alikuwa hewani, ameruka, miguu haijagusa paa, na akabaki hivohivo. Kikaja kiboksi katikati, "Muunganisho na seva umepotea", na chini yake kitufe cha kujaribu tena. Nikakibonyeza. Najua mlivyo, mngekibonyeza na nyie, nilikibonyeza kama mara sita.

Zile skini nilizonunua, mavazi ya mtu wangu ndani ya gemu, zilienda, ranki ikaenda, rekodi ya mechi zote ikaenda, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nasema sirudii tena kuweka moyo kwenye gemu la seva. Kumbe kulikuwa na jamaa mmoja, sio wa klani yetu, alikuwa na kopi ya toleo la mwanzo kabisa kwenye diski ya zamani. Lile toleo lilikuwa na chaguo la kuanzisha seva yako mwenyewe, chaguo ambalo liliondolewa kwenye apdeti ya mwaka wa pili kwa maelezo kwamba ni kwa ajili ya usalama, na hakuna aliyelalamika kipindi kile kwasababu foleni zilikuwa zimejaa, nani anahitaji seva yake. Mimi mwenyewe nilisoma maelezo ya ile apdeti nikapita, nikakimbilia kuona silaha mpya. Nikikumbuka najilaumu. Huo ndo ulikuwa mlango, na tuliutazama ukifungwa tukiwa tumesimama ndani.

Jamaa akaiwasha kwenye kompyuta yake, akatoa anwani kwa watu wachache, wachache wakawaambia wachache. Toleo lile lina mapu nne tu. Halina ranki, halina pasi ya msimu, halina skini hata moja, wote tumevaa lile koti la kijani la kuanzia ambalo zamani ukivaa unachekwa, kwahiyo huwezi kujua nani alikuwa bingwa na nani hakuwa mpaka aanze kupiga. Bunduki moja ina kosa la zamani ambalo tulishasahau lilikuwepo, inapiga upande kidogo, na sasa kila mtu amejifunza kulenga kwa kufidia. Orodha nzima ya watu wenye anwani ni kama ishirini. Yule wa mechi nne mfululizo yumo, alinijua kwa jina kabla sijamjua, na sa hivi tunapishana upande kila wiki kama kawaida. Mzee anaingia akipata nafasi. Yule dada sa hivi ana maiki na huwezi kumnyamazisha.

Najua inaweza kufungwa. Mwenye kompyuta anaweza kuchoka, au barua ikaja, au watu wakapungua mpaka ikawa haina maana, na nimejiuliza hiyo haina maana inaanzia kwa watu wangapi. Zamani ningesema gemu la watano kwa watano likikosa mtu wa kumi limekufa. Jumamosi iliyopita tulikuwa tisa, tukasubiri kama robo saa hivi wa kumi hakuja, tukacheza watano kwa wanne mpaka saa nane usiku, na wale wanne wakashinda mechi mbili.